Mzee Zachary Hamezi Dawa

Katika Kachibora nzima hakukuwa na mtu aliyejivunia mwili wake kama Mzee Zachary Kiarie. Alikuwa na tumbo lililomtangulia kila alikokwenda, goti moja lililolia kama mlango wa ghala, na mgongo uliomlazimu kuondoka kitandani kwa kujiviringisha. Lakini ukimuuliza hali, atakwambia kwamba tangu azaliwe hajameza hata Panadol. Wanunuzi wa viazi walilijua hilo. Kanisani walilijua. Mchungaji aliwahi kumtoa mfano katika mahubiri juu ya mwili kuwa hekalu, na Mzee Zachary akainamisha kichwa kwa unyenyekevu hadi tumbo likagusa kiti cha mbele.

Ukweli ni kwamba alikuwa akimeza dawa za mkewe.

Ilianza mwaka uliotangulia, Wakonyo alipopimwa kliniki moja ya Kitale akaambiwa ana ugonjwa wa sukari. Alipewa vidonge vidogo vyeupe na maagizo mengi: apunguze sukari kwenye chai, apunguze wanga, na asithubutu kumeza kisha akakaa bila kula. Mzee alikuwa ameketi palepale, amemsindikiza mkewe, na katika maelezo yote yale alishika jambo moja tu, kwamba vidonge vile hushusha sukari. Akalitafakari njia nzima hadi nyumbani. Kama kuna kitu cha kuishusha, basi mtu anaweza kuipandisha apendavyo. Mwenye gari lenye breki aogope mteremko kwa nini?

Tangu siku hiyo, kila alipoalikwa mahali penye sufuria kubwa, alifungua kabati, akapeleka mkono nyuma ya kopo la majani ya chai, akachomoa kidonge kwenye chupa ya Wakonyo na kukimeza kabla ya kutoka. Kisha alikwenda kula bila hofu. Harusi, kidonge. Mazishi ya tajiri, kidonge. Na kwa kuwa alikula kama mtu aliyeambiwa dunia inaisha jioni, chakula na kidonge vilimalizana vyenyewe huko tumboni, yeye asipate hata kizunguzungu. Hilo ndilo lililompotosha. Dhambi isiyomuumiza, mtu huiita hekima.

Wakonyo naye alianza kuona vidonge vinapungua. Mwanzo alishangaa, halafu akaogopa.

"Baba Ndirangu, mimi leo nimekunywa dawa?"

"Mimi nitajuaje? Labda umekunywa."

Kwa kuhofia kumeza mara mbili, siku nyingine alikaa bila kumeza kabisa. Sukari yake ikapanda. Daktari wa Kitale akamwongezea dozi, vidonge vikawa vingi zaidi, na mzee akaona Mungu ni mwema. Binti zao wakaanza kunong'ona kwamba mama anasahau, kwamba kichwa kimeanza kuondoka mapema. Jumapili moja Wakonyo alisimama mbele ya kanisa akaomba aombewe kumbukumbu zake zirudi. Mzee Zachary alikuwa ameketi kwenye kiti cha wazee wa kanisa. Alisema amina kwa sauti.

Ndipo mtoto wao Ndirangu alipopata mchumba. Msichana aliitwa Nelima, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Mzee Jotham Sifuna wa Kanduyi, kule Bungoma. Siku ya kwenda kuzungumza mahari ikapangwa, iwe Jumamosi. Mzee alikuwa na dada yake, Kui, mwanamke ambaye hakuwahi kusema jambo kwa sauti ya chini hata siku moja, na huyo ndiye aliyepanga nani aende na nani abaki.

"Mama Ndirangu abaki," alisema Kui. "Atauliza jina la msichana mara tatu, waseme tumewaletea mwendawazimu."

Wakonyo alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa akifunga kamba za viatu, na kamba zile zilikuwa na kazi kubwa asubuhi ile.

"Sawa," Wakonyo akasema. "Mnipelekee salamu."

Mzee Zachary alikuwa amesikia mengi juu ya Wabukusu na kuku wao. Alikuwa amesikia kwamba mgeni wa heshima huwekewa kuku mzima, na kwamba ukimaliza kuku wao unaongezwa ugali, na ukimaliza ugali unaongezwa kuku. Basi siku kubwa ikahitaji maandalizi makubwa. Alimeza vidonge vitatu. Kisha, kwa heshima ya kuku huyo, akakataa uji wa asubuhi.

Kufika kwa Sifuna walikaribishwa kwa nyimbo, wakaketishwa chini ya hema lililokodishwa, na mama wa msichana, Peris, akaleta chai ya maziwa yenye sukari na mandazi ya moto. Kikombe kimoja tu cha chai ile kingetosha, na mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini mzee alinyoosha kiganja.

"Asante mama. Tumekunywa njiani."

Alikuwa hajanywa popote. Alikuwa akilinda nafasi. Peris aliondoa kikombe akiwa amekunja uso kidogo, maana mgeni anayekataa chai huenda ana lake jambo.

Mazungumzo yakaanza, na mazungumzo ya wazee wa Kanduyi hayana haraka. Walisalimiana upya. Waliomba. Waliuliza majina ya ukoo, wakayarudia, wakasahihishana. Harufu ya kuku ilitoka jikoni ikazunguka hema kama mgeni aliyekosa kiti. Kisha Mzee Jotham, mtu mrefu mwenye kofia ya manyoya, akauliza swali ambalo kwao lazima liulizwe.

"Mkwe, sisi tunatoa mtoto. Tuambie ukweli. Kwenu kuna ugonjwa gani unatembea kwa ukoo?"

Mzee Zachary alisimama. Alishasikia kijasho chembamba mgongoni, akadhani ni joto la hema.

"Kwetu hakuna ugonjwa," alisema. "Si presha, si sukari, si kifafa. Bibi yangu ni mzima kama jiwe. Mimi mwenyewe tangu nizaliwe sijameza hata Panadol."

Wazee wakapiga makofi. Ndirangu alitazama ardhi, kwa sababu alijua habari za mama yake, lakini nani amkosoe baba yake mbele ya wakwe?

Ng'ombe walipoanza kutajwa, mzee alikuwa anaona akina Jotham wawili, mmoja amekaa juu ya mwenzake. Jotham alitaja idadi yake, kubwa makusudi, ili ishushwe kwa ubishi kama ilivyo desturi. Upande wa Kachibora ulishajipanga kushtuka. Badala yake mzee wao aligonga meza.

"Hao ni wachache! Ongeza!"

Kui alimvuta koti. "Zachary, unasema nini?"

"Ongeza na ngamia! Wewe kondoo, ongeza!" Alikuwa akimwelekezea kidole Jotham, au pengine yule Jotham wa juu. Halafu akacheka kicheko cha mtoto, macho yakageuka, akaanguka kifudifudi juu ya kitambaa cha meza alichokishona Peris mwenyewe.

Walimkimbiza hospitali moja ya mjini Bungoma. Pale mapokezi alidungwa kidole, na kimashine kikaonyesha kwamba sukari ilikuwa imeshuka mno, imebaki kidogo tu azimike. Wakamsukumia glukosi kwenye mshipa. Mzee akarudi duniani mara moja kama taa iliyowekewa tokeni ya umeme, akajikuta amelala wodini amevalishwa gauni la hospitali lisilo na mgongo, na miguuni pa kitanda wamesimama wakwe zake wote wawili. Jambo hilo peke yake lilimtosha kutamani kuzirai tena.

"Wamemwekea kitu!" Kui alikuwa akisema, na wodi nzima ilikuwa ikimsikia. "Kaka yangu mzima kama ng'ombe! Hajawahi kuugua! Aingie kwenu dakika mbili aanguke?"

"Tumwekee wapi?" Peris naye alipanda. "Hata chai yetu alikataa!"

"Na alikataa kwa nini? Si roho yake ilimkataza!"

"Mama, hebu tuliza moyo," alisema Mzee Jotham, ambaye kama wengi wa kwao hakuwa na ugomvi na herufi r wala l, yoyote iliyofika kwanza ilitumika. "Mtu hajakula, hajakunywa. Sasa hiyo sumu aliingizwa na nini? Halufu ya kuku?"

Mzee Zachary alisikiliza macho yakiwa nusu wazi. Alikumbuka vile vidonge vitatu. Akajiambia haiwezekani, mbona siku zote alikuwa akimeza na haanguki? Na kwa kitambo, naona haya kusema, alitamani maneno ya Kui yawe kweli. Kurogwa na wakwe kuna heshima yake. Kukamatwa na dawa ya mkeo hakuna.

Baadaye alikuja msichana mwenye koti jeupe na kalamu tatu mfukoni, akavuta kiti akaketi karibu na kichwa cha mzee.

"Mzee, naitwa Agneta, mfamasia wa wodi hii. Kazi yangu ni kujua kila kitu umekuwa ukimeza, ukipaka, ukinusa ama ukidungwa kabla uletwe hapa. Nikikosa kujua, tutakupa kitu kigombane na kingine huko ndani, na wewe ndiye utakuwa uwanja."

"Mimi sinywi dawa."

"Hakuna hata moja?"

"Huyu hata rangi ya Panadol hajui," Kui alijibu kwa niaba yake.

"Sawa. Mgongo haukusumbui?"

"Ah, mgongo! Mgongo unanimaliza."

"Unaufanyia nini?"

"Nameza zile nyekundu za duka. Mbili, ama tatu kama nimebeba magunia."

Agneta aliandika. "Hizo si dawa?"

"Hapana, hizo ni za mgongo."

"Tumbo?"

"Ile poda inachemka kwa maji. Hiyo ni kama soda tu."

"Kifua?"

"Majani ya mwarobaini. Lakini huo ni mti."

"Na hii ngozi ya shingo imefanya nini?"

Mzee akajikuna. "Nilipaka ile ya kuogesha ng'ombe. Kidogo tu. Ng'ombe haijawahi kulalamika."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka hadi akashika mshono wake. Agneta hakucheka. Aliendelea kuandika, na karatasi ya mtu asiyemeza dawa ikawa imejaa upande mmoja.

"Sasa la mwisho, mzee. Kuna dawa ya mtu mwingine umewahi kuonja? Watu hapa wanameza ya bibi, ya jirani, hata ya marehemu. Mimi huwa sishangai. Juzi nilikuwa na mzee anakunywa ya kupanga uzazi. Aliambiwa inanenepesha."

Mzee Zachary alitazama miguuni pa kitanda. Jotham Sifuna alikuwa amesimama pale ameshika kofia yake mikononi, uso wa mtu anayeogopa jina lake lisichafuke mji mzima. Neno moja lilikuwa likimsubiri mzee kinywani. Lakini lile neno lilikuwa na mkia: ukilisema, umesema kwamba mkeo ana sukari, kwamba ulidanganya chini ya hema mbele ya wazee, na kwamba wewe ni mwizi wa nyumbani.

"Hapana," alisema.

Agneta alimtazama kidogo, akafunga kalamu. "Sawa. Nyumbani kuna nani anaweza kuniletea chochote kilicho kwa kabati?"

"Hakuna haja," mzee alisema haraka.

"Kuna mama," Ndirangu alisema kutoka mlangoni, naye akatoa nambari kabla baba yake hajapata kikohozi cha kumzuia.

Usiku ule sukari ya mzee ilishuka tena, na tena, dripu ikiwa mkononi. Walipandisha, ikateremka. Kufika Jumapili asubuhi Daktari Wakoli, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alisimama kando ya kitanda na kukuna kidevu.

"Mtu hana sukari, hatumii dawa ya sukari, halafu inashuka hivi. Kuna uvimbe mdogo unaweza kuota kwenye kongosho ukafanya mambo kama haya. Nafikiri tumpeleke Eldoret akapigwe picha."

"Uvimbe!" Kui akapiga ukwenzi. "Haiya! Wamempandia uvimbe!"

Huko nje mambo yalikuwa yameshachacha. Kui alikuwa amepiga simu Kachibora, Kachibora ikapiga simu Kitale, na jamaa walikuwa wakipanga kuja na pikapu kumchukua mgonjwa wao "kabla hawajammaliza." Vijana wa ukoo wa Sifuna walisimama langoni wamekunja mikono, wakisubiri kuona ni nani atakayeita baba yao mchawi. Nelima alikuwa ameketi kwenye benchi la wodi, macho yamemvimba, na Ndirangu amesimama mbele yake hajui amshike mkono au la.

Wakonyo akaingia katikati ya hayo. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amefunga kitambaa cha kanisani, na kifuani amekumbatia mfuko wa unga uliojaa. Aliwasalimu wakwe zake kwa heshima, mmoja mmoja, ingawa ndiyo kwanza anawaona. Kisha akamtazama mumewe.

"Umekonda kwa siku moja," alisema.

"Mama, umeleta?" Agneta aliuliza.

"Uliniambia kila kitu. Nimeleta kila kitu."

Aliumimina mfuko kitandani, juu ya miguu ya mzee. Zilitoka zile nyekundu za mgongo, poda ya tumbo, chupa ya dawa ya kikohozi iliyoganda, mafuta ya kuchua, dawa ya minyoo ya mbwa, kifurushi cha mizizi ambacho mzee alikivuta haraka chini ya blanketi, na Agneta akakirudisha juu kwa ncha ya kalamu. Mwisho ikatoka ile chupa ya vidonge vidogo vyeupe.

Agneta aliishika, akasoma kibandiko. "Hizi ni za nani?"

"Zangu. Mimi niko na sukari."

Peris na Jotham walitazamana. Mzima kama jiwe, waliambiwa.

"Unameza vipi, mama?"

Wakonyo alinyoosha vidole vyake juu ya sketi, akavitazama. "Daktari, nisikudanganye. Sijui. Kichwa changu kinaharibika. Naona zimepungua na sikumbuki nikimeza. Siku zingine naogopa, naacha. Nimewaambia wasichana wanitoe jikoni, siku moja nitaacha moto nichome nyumba na watoto wao. Hata huku sikuletwa juu ya hiyo." Akamgeukia Nelima. "Mtanisamehe, mama. Si eti sikutaka kukuona."

Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Na hapa kwenu mko na daktari wa kichwa? Kwa vile nimefika tu."

Mzee Zachary alikuwa ameaibika mara nyingi maishani na kila mara alikuwa ametafuta njia ya kuzunguka. Safari hii alitafuta, hakuona njia. Alimwona tu Wakonyo amesimama mbele ya kanisa akiombewa, na yeye akisema amina. Agneta alikuwa ameshikilia chupa ile, anamtazama. Alishajua, msichana yule. Lakini alimwachia mwenyewe aseme.

Mzee akafumba macho na kusema. Alisema kwa Kikuyu, haraka haraka na kwa sauti ya chini, akitumaini kwamba aibu ingebaki upande mmoja wa kitanda.

Kui akashika mdomo. Wakonyo hakusogea.

"Anasemaje?" aliuliza Mzee Jotham.

Ndipo kwenye benchi Nelima akajipangusa pua. Ndirangu alikuwa amemfundisha Kikuyu mwaka mzima, na mwalimu akijifunza kitu hukijifunza vizuri.

"Anasema yeye ndiye amekuwa akimwibia mama dawa," Nelima alitafsiri, neno kwa neno, kama anayesoma mbele ya darasa. "Anazimeza akienda kula kwa watu. Jana alimeza tatu juu ya kuku wetu. Na anasema mama hajasahau kitu."

Daktari Wakoli alishusha pumzi ndefu. "Uvimbe wetu ndio huo," alisema.

Agneta akaeleza kwa maneno machache. Vidonge vile hukamua kongosho itoe kinachoshusha sukari. Ukila, kuna cha kushushwa. Usipokula, vinakushusha wewe mwenyewe. Na kazi yake haiishi saa moja, huendelea siku nzima na zaidi, hasa kwa mzee ambaye figo zake zimechoshwa na zile nyekundu za mgongo. Hakuna Eldoret. Ni kumlisha, kumwekea glukosi na kumchunga hadi viishe.

Hakuna aliyekuwa akimsikiliza isipokuwa daktari. Wote walikuwa wakimtazama Wakonyo.

"Kwa hivyo," alisema taratibu, "mimi si mwendawazimu."

"Hapana, mama," alisema Agneta.

"Na mwaka wote huo naamka naogopa kichwa changu mwenyewe."

"Mama Ndirangu..." mzee alianza.

"Wewe nyamaza."

Kisha akacheka. Kilianza kama kikohozi, kikapanda, akashika chuma cha kitanda, machozi yakamtoka, na hakuna pale wodini aliyejua kama ni kicheko tu. Peris alizunguka kitanda akamshika mabega. Walikuwa hawajawahi kukutana kabla ya asubuhi ile, na walisimama vile kwa muda mrefu. Mzee Zachary alijaribu kuketi, gauni likafunguka mgongoni, akalala tena.

Kui alikuwa ameanza kurudi nyuma polepole kuelekea mlangoni. Peris alimwona.

"Mama Kui, unaenda wapi? Si ulisema tumemwekea kitu? Kuja ukitoe."

Kui aliomba msamaha, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakuna aliyemsikia, hata ikabidi aombwe aongeze sauti. Kisha akatoka kupiga simu kuizuia pikapu, ambayo ilikuwa imeshafika Kiminini, njiani kuja.

Vidonge vilipoisha mwilini, mzee alipimwa tena. Sukari yake ilipanda, ikapita mahali pa kawaida, ikakaa hukohuko. Daktari Wakoli alimwonyesha. Mzee mwenyewe alikuwa na sukari, na pengine alikuwa nayo siku nyingi. Aliandikiwa dawa zake, za aina nyingine. Zile nyekundu akakatazwa kabisa. Agneta alimkabidhi zile mpya mikononi, akamfanya arudie maagizo yote mbele ya Wakonyo.

Baada ya majuma kadhaa walirudi Kanduyi kumaliza mazungumzo. Safari hii Wakonyo ndiye aliyeketi kiti cha msemaji. Hakuna aliyemweka hapo. Alikikalia tu, na mumewe akatafuta kingine. Mzee Jotham, ambaye alikuwa mtu wa utani, alifungua kikao kwa kukumbusha kwamba mkwe wake alishaahidi ng'ombe wa kuongezwa, pamoja na ngamia.

"Neno la mwanamume halirudi," alisema, akijizuia kucheka.

"Lile halikuwa neno la mwanamume," Wakonyo alijibu. "Ni vidonge vyangu vilikuwa vinaongea. Kama ni ahadi, nimeahidi mimi, na mimi nimekataa."

Hema lilicheka hadi majirani wakaja kuchungulia. Walikubaliana kabla ya chakula kupoa. Wakonyo alimtaja kila mjomba kwa jina lake, akakumbuka nani alisema nini na nani alijaribu kubadilisha, na Kui alikaa kimya akimenya chungwa. Mzee Zachary alikula paja moja na mboga nyingi. Alipotazama sahani ya pili alikuta macho ya wanawake wanne yakimtazama, akaomba maji.

Jambo lililomwogopesha zaidi lilikuwa bado. Wakonyo alikuwa na siku yake ya kliniki Kitale, akamwambia watakwenda pamoja.

Mhudumu wa kliniki, mwanamume mwenye miwani aliyewajua kwa muda mrefu, alimdunga Wakonyo kidole, akatazama, akapima tena kwa kutoamini.

"Mama, hii imeshuka vizuri sana! Mimi nilikuwa nimepanga leo tuanze sindano. Umebadilisha nini?"

Wakonyo alimwelekezea kidevu mumewe. "Mwambie."

"Si wewe tu umwambie..."

"Dawa zilikuwa zangu. Maneno ni yako."

Mzee Zachary alivua kofia. Alitazama dirisha, akatazama bango la mboga ukutani, halafu akaanza, na alipoanza alisema yote. Mhudumu aliacha kuandika. Mahali fulani katikati alivua miwani. Mzee alipomaliza, mtu yule aliinuka, akafungua mlango, akachungulia ushorobani.

"Kiplangat! Hebu kuja kidogo. Njoo na huyo mwanafunzi." Akageuka, uso umejaa adabu. "Mzee, samahani. Hii ni muhimu kwa kazi yetu. Tafadhali anza tena pale mwanzo, polepole."

Viti viwili vikaletwa. Wakonyo alifungua mkoba, akatoa ndizi, akaikata nusu, nusu ya mumewe akaifunga vizuri kwenye karatasi. Akaegemea ukuta, akaimenya ile nusu yake na kuila kidogo kidogo akisikiliza, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.